Chanjo Iliyopata Joto

Nilipomaliza mafunzo ya uuguzi nilipewa kazi katika zahanati moja ya mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na siku ya kwanza matroni alinikabidhi ufunguo wa chumba cha chanjo. Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, meza, mizani ya kuning'iniza watoto, na friji nyeupe iliyopasuka mpira wa mlango kwa chini.

"Hiki ni chako," akaniambia. "Surua ikiingia mtaani, wa kwanza kuulizwa ni wewe."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Chanjo za watoto zilikuwa zimeanza kutolewa kwa mpango, kila mtoto na kadi yake. Matroni alikuwa mwanamke wa makamo, mkali lakini asiyetukana mtu. Alikuwa ameuguza katika wodi za surua zamani, wakati vitanda vilijaa na watoto wakalazwa chini. Kwa hiyo alituambia mara kwa mara kwamba ugonjwa wa kuambukiza haupigwi vita siku unapofika. Unapigwa vita zile siku ambazo hakuna anayeugua na hakuna anayekuangalia.

Vita vyenyewe, kwa upande wangu, vilikuwa kazi ya kuchosha tu. Kila asubuhi na kila jioni nilifungua friji, nikasoma kipimajoto kilichokuwa ndani na kuandika nambari kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ikiwa kati ya mbili na nane, chanjo ziko salama. Ikizidi nane, nimwite matroni mara moja. Hata siku za mapumziko mwenye ufunguo alipaswa kupita mara moja asome. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja na nambari hazikuwahi kwenda popote. Nne, tano, nne, tano. Mtu akisoma nne na tano mwaka mzima, macho yake huanza kuona nne hata kabla hajafungua mlango.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Umoja, katika ploti ambayo mwenye nyumba alikuwa ameongeza vyumba nyuma ya nyumba aliyonunua. Tulitumia bomba moja na kamba moja ya nguo. Katika mlango ulioelekeana na wangu aliishi fundi wa nguo na mumewe aliyefanya kazi kiwandani. Fundi alinizidi miaka sita hivi. Alitoa cherehani nje kila asubuhi na kushona sare za shule hadi jua liwe kali. Nilipohamia pale sikuwa na hata jiko. Alinipikia chai wiki nzima bila kuniambia neno, anagonga mlango tu, anaweka kikombe kwenye kizingiti na kurudi kwenye kazi yake. Aliniita sista, kama watu wote walivyotuita wauguzi, lakini kwake neno lile lilikuwa na undugu ndani yake.

Alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ilipokaa aliniomba nimsindikize kliniki kila mwezi, na siku uchungu ulipomshika mimi ndiye niliyembebea kikapu hadi hospitali ya kujifungulia. Akapata msichana. Mtoto yule alilala kwenye rundo la vipande vya vitambaa karibu na miguu ya mama yake, na kelele za cherehani ndizo zilizombembeleza. Ikinyamaza, anaamka. Mimi nilimpima uzani kila mwezi na kuchora mstari kwenye kadi yake, na mstari ulikuwa ukipanda vizuri.

Ikaja Pasaka. Ilikuwa zamu yangu kupita zahanati siku zote nne, Ijumaa hadi Jumatatu. Nami nilikuwa sijamwona mama yangu kule Nyeri tangu Krismasi. Alhamisi jioni niliandika nambari ya mwisho, nikafunga chumba, nikaenda nyumbani. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba friji haijui kama ni Pasaka.

Nilirudi Jumanne asubuhi moja kwa moja kazini, na begi langu mkononi. Friji ilikuwa ikinguruma kama kawaida. Kipimajoto kilisema tano. Lakini barafu niliyokuwa nimeiacha kwenye trei ikiwa vipande vipande ilikuwa bamba moja, na maboksi ya karatasi ya chanjo yalikuwa yamelowa yakakauka, yamejikunja pembeni. Sakafuni palikuwa na alama ya maji yaliyokwisha kukauka.

Kisha nikachukua kalamu nikajaza nafasi za siku nne zilizokuwa wazi. Nne, tano, tano, nne. Nusu niliziandika kwa kalamu ya buluu na nusu kwa nyeusi, ili zionekane ni za siku tofauti. Hilo la kalamu mbili ndilo linalonifanya nisiweze kujidanganya hata leo kwamba nilikosea tu. Mtu aliyekosea habadilishi kalamu.

Saa nne nilitoka kununua mkate katika duka lililokuwa mbele ya zahanati. Mwenye duka, mzee Mwislamu aliyetujua sote, alikuwa akimwaga maziwa ya pakiti kwenye ndoo, moja baada ya nyingine.

"Stima zilipotea Jumamosi asubuhi," akasema. "Zimerudi jana jioni. Friji ikazima, maziwa yote yameharibika. Nyinyi dawa zenu ziko sawa?"

"Ziko sawa, mzee."

"Alhamdulillahi."

Nilirudi na mkate ambao sikuula. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi nje, watoto mapajani. Chanjo nyingine ilikuwa haitaletwa hadi mwisho wa mwezi. Ningemwaga ile iliyokuwapo, ningelazimika kueleza kwa nini, na kueleza kungeanza na ile karatasi mlangoni. Nilifikiri pia, na nilitaka sana kuamini, kwamba pengine joto lile halikufika mbali, pengine chanjo ilikuwa bado na nguvu. Nikamwita mama wa kwanza.

Alhamisi ya wiki hiyo fundi alimleta binti yake. Alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa sindano ya surua. Alimvalisha gauni la manjano lenye mikono mifupi na akaniambia amelishona hivyo makusudi, ili nisipate taabu ya kumvua. Nilipokuwa nikivuta dawa, nilitaka kumwambia arudi mwezi ujao. Lakini angeuliza kwa nini, na wenzake kwenye benchi wangesikia. Nikaushika mkono wa mtoto, nikamdunga. Alilia kidogo, kisha akaona vifungo vya sare yangu akaanza kucheza navyo.

"Sasa nimepumzika," fundi akasema, akitazama niliyoandika kwenye kadi. "Hii surua ndiyo niliyoiogopa kuliko zote."

Mwezi ulipokwisha tuliletewa chanjo mpya, na mimi nikaanza kusoma friji kwa uaminifu wa mtu mwenye hofu. Miezi ilipita. Nilianza kusahau, au nilijifunza kutofikiria.

Surua iliingia wakati wa baridi, mwezi wa saba. Walianza kuja watoto ambao hawakuwahi kuchanjwa, macho mekundu, makamasi, upele umeanzia nyuma ya masikio. Hao tuliwatarajia. Wiki ya pili wakaanza kuja wenye kadi. Matroni alishangaa. Alichukua daftari la chanjo akakaa nalo mezani pangu, akaniambia nimsomee tarehe za watoto wale ili azinakili. Nikamsomea. Zote zilikuwa za majuma yale baada ya Pasaka. Sauti yangu ilitoka ya kawaida, nami nikaisikia kana kwamba ni ya mtu mwingine anayesoma.

"Ajabu," matroni akasema. Akaiangalia karatasi mpya iliyokuwa mlangoni mwa friji, akatoka.

Juma hilohilo mtoto wa fundi alishikwa na homa. Mimi nilikuwa nikitoka asubuhi mapema na kurudi nimechoka kwa sababu ya wagonjwa, kwa hiyo sikumwona siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta mama yake akimfunika blanketi.

"Homa ya baridi hii," akaniambia. "Macho yanamsumbua kidogo. Jirani anasema ni surua, nimemwambia haiwezekani. Si ulimdunga?"

Nilimwomba anisogezee mtoto kwenye mwanga wa mlango. Nikafungua kinywa chake. Ndani ya mashavu kulikuwa na vile vidoa vyeupe vya surua, kama chembe za chumvi. Pua yake ilikuwa ikipanuka kila alipovuta pumzi, na kifua kinaingia ndani chini ya mbavu.

"Tumpeleke hospitali," nikasema. "Sasa hivi."

"Kwa homa?"

"Twende tu, dada."

Mwenye nyumba alitubeba kwa pikapu yake. Njiani fundi aliendelea kusema kwamba angemleta mapema kama mtoto asingekuwa na ile chanjo, kwamba ameona watoto wa watu wakipelekwa akasema wa kwake amekingwa, kwa hiyo akaendelea kushona. Alisema hayo bila kunilaumu. Alikuwa akijilaumu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeishika miguu ya mtoto, ilikuwa ya moto.

Wodi ilikuwa imejaa, watoto wawili kwa kitanda kimoja. Surua ilikuwa imeingia mapafuni. Alipewa dawa na hewa ya mtungi. Siku ya pili tulidhani anapata nafuu kwa sababu alinyonya. Siku ya tatu, kama saa sita mchana, nilifika na uji kwenye chupa nikamkuta fundi amesimama kwenye ujia nje ya wodi, kitambaa cha kubebea mtoto amekikunja vizuri sana, mara nne, kama nguo inayosubiri mteja.

"Amekwenda," akasema.

Tulimzika katika makaburi ya Lang'ata. Baba yake alilia wazi mbele za watu. Fundi hakulia siku hiyo. Jioni waombolezaji walipoondoka alitoa ile kadi ya kliniki akanionyesha mwandiko wangu.

"Niambie, sista, kwa sababu wewe umesoma. Kwa nini haikufanya kazi?"

Nikamwambia kwamba si watoto wote chanjo huwashika, kuna wachache ambao miili yao haiipokei. Hayo ni kweli, yamo vitabuni. Niliutumia ukweli ule kama uongo.

Jumatatu iliyofuata niliingia ofisini kwa matroni, nikafunga mlango na kumwambia yote, pamoja na zile kalamu mbili. Hakunikemea. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi isijulikane. Kina mama wakisikia kwamba dawa iliharibika hapa, hawatakuja tena, hata kwa polio, hata kwa kifaduro. Unaelewa? Utajisafisha wewe, na watoto wao watakufa."

"Na hawa niliowadunga?"

"Hao utawatafuta. Mmoja mmoja. Waambie kuna sindano ya nyongeza."

Nilifanya hivyo majuma matatu. Nilibeba kikasha cha barafu begani na daftari mkononi, nikagonga milango Umoja na mitaa ya jirani. Wengi niliwapata na kuwadunga upya, na mama zao wakanishukuru kwa kuja hadi nyumbani, wakanipa chai. Nyumba nyingine nilikuta watu wengine kabisa. Wapangaji wa upande ule huhama bila kuacha habari. "Hao walienda Dandora," naambiwa. "Hao walirudi shambani." Mlango mmoja ulifunguliwa na nyanya aliyenisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Umechelewa, mwanangu," akanionyesha mtoto aliyekuwa ameketi mkekani, jicho moja limefunikwa na ukungu mweupe. Alikuwa amepona surua. Nilikaa naye kidogo. Sikujua la kufanya na kile kikasha.

Mwaka uliofuata fundi alijifungua tena, msichana mwingine. Nilifurahi nikaogopa. Mwezi wa kwanza ukapita hakuja kliniki. Wa pili pia. Nilipomuuliza aliendelea kukanyaga cherehani.

"Kliniki ya nini? Yule nilimpeleka kila mwezi. Ilimfaa nini?"

Na hakuishia hapo. Bombani aliwaeleza wanawake wengine hayohayo, na walimwamini kwa sababu walikuwa wamehudhuria mazishi. Mmoja baada ya mwingine watoto wa ploti yetu wakaacha kuja, kisha wa ploti ya pili. Niliona kwenye daftari. Jambo lile ambalo matroni aliliogopa, kwamba ukweli ungewafukuza kina mama, sasa lilikuwa likitokea kwa sababu ya kuuficha. Nilimweleza. Akashika kichwa. "Ngoja kidogo," akasema. Sikujua tunangoja nini.

Mtoto alipokaribia miezi tisa tulisikia kuna surua Dandora. Siku hiyo nilitoka kazini mapema, nikamkuta fundi nje akishona, mtoto amelala. Nikakaa kwenye kibao alichowawekea wateja.

"Dada, kuna jambo nilikuficha."

"Sema."

"Chanjo ya mtoto wako ilipata joto. Pasaka ile stima zilipotea, na mimi sikuwapo. Nilienda kwetu bila ruhusa. Niliporudi nikaandika kwamba nilikuwapo. Dawa haikuwa na nguvu. Si mwili wake uliokataa. Ni mimi."

Cherehani ilinyamaza. Mtoto akajigeuza, lakini hakuamka.

"Siku nilipomleta," akauliza polepole, "ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikuwa na hakika.

"Nilijua."

"Na ukamshika mkono."

"Ndiyo."

Alitazama mishono iliyokuwa chini ya sindano. Nilingoja anipige, na nadhani ningeshukuru. Akakata uzi kwa meno, akakunja ile sare, akaiweka juu ya nyingine.

"Nilijichukia mimi," akasema. "Mwaka mzima. Nilisema ningemwahisha hospitali angepona. Na wewe unaingia unakunywa chai yangu."

"Usimnyime huyu sindano kwa ajili yangu. Dawa ni nzuri. Kosa ni langu."

"Ondoka hapo, sista. Tafadhali."

Asubuhi iliyofuata, nikiwa sina zamu, nilimwona kwa dirisha akimfunga mtoto mgongoni. Hakuelekea zahanati yetu. Baadaye nilisikia alitembea hadi zahanati ya mtaa mwingine, mbali, na mchana alirudi. Kamba ya nguo ilikuwa katikati yetu. Mtoto alikuwa na pamba ndogo mkononi. Jioni, nikiwa dirishani, nilimsikia bombani akiwaambia wenzake kwa sauti ambayo alijua itanifikia, "Wapelekeni watoto wakadungwe. Dawa haina ubaya. Mtu ndiye aliyeiharibu." Hakunitaja. Hakuhitaji kunitaja, walikuwa wamegeuka wote kuutazama mlango wangu.

Nilihama mwisho wa mwezi huo. Niliandika pia barua kwa wakubwa, nikaeleza yangu na nikajaribu kumwacha matroni nje, lakini walimwita na yeye hakukana. Mimi nilisimamishwa kazi miezi sita, kisha nikarudishwa kwa cheo cha chini. Yeye aliambiwa astaafu kabla ya wakati wake. Nilienda kumwomba msamaha. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniambia hajui hadi leo kama alikuwa sahihi au la, na kwamba ni afadhali nisiende kwake mara kwa mara.

Nilifanya kazi ya chanjo hadi nilipostaafu. Nilifundisha wauguzi wengi vijana kusoma friji, na wengi waliniona ni mtu wa kusumbua. Sikuwaeleza kwa nini. Katika lile daftari kulikuwa na watoto kumi na mmoja ambao sikuwapata. Nilinakili majina yao na ninayo. Wakiwa hai ni watu wazima wenye watoto.

Fundi nilimwona tena mara moja, miaka kadhaa baadaye, sokoni Gikomba, akichagua vitambaa. Walikuwa wamehamia Kayole. Alikuwa amenenepa, miwani imefungwa uzi shingoni. Tulisalimiana. Akamuulizia mama yangu, nikamwambia alifariki, akanipa pole ya kweli.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Yuko shule. Darasa la pili."

Nilimuuliza kama ningeweza siku moja kuja kuwaona. Alikigeuza kile kitambaa, akakitazama upande wa ndani, kama fundi anavyofanya.

"Hapana, sista," akasema kwa upole. "Wewe nenda salama."

Akalipa, akaondoka.